Vipande Saba vya Kompyuta ya Mama Lebo

Kompyuta ya Mama Lebo ilikata roho Jumatatu asubuhi, mbele ya mteja, chupa ya juisi ya nanasi ikiwa imechorwa nusu. Skrini iliganda, boksi likatoa harufu ya plastiki iliyoungua, kisha kimya. Mteja, mzee mwenye kiwanda kidogo cha juisi, alikunja pua.

"Hii ndiyo inayonichorea lebo?"

"Imechoka tu, mzee. Hata wewe ukifanyishwa kazi miaka tisa bila likizo, utatoa moshi."

Mzee alicheka, lakini macho hakuyaondoa kwenye boksi. Akasema alichokuja kusema. Anabadilisha lebo za kiwanda chake chote, ladha sita. Ya nanasi inatangulia. Ikifika madukani ndani ya wiki mbili na ikapendeza, Mama Lebo atapewa kazi zote za kiwanda kwa mwaka mzima. Ikishindikana, ipo ofisi moja upande wa pili wa mji, yenye milango ya vioo, na wenyewe wameshampigia simu mara tatu.

Jina la Mama Lebo halikutokana na mtoto. Mwanamke huyu alianza kwa kuchonga mihuri ya mpira, akahamia kadi za harusi, akaishia kwenye lebo: za sabuni, za asali, za mafuta ya nywele. Shule ya uchoraji hakuiona. Alijifunza kwa kuharibu kazi za watu na kuzirudia bure mpaka zikakubalika. Sasa alikuwa na chumba ghorofa ya tatu, meza mbili, na bahasha ya akiba ya miezi kumi na minne, aliyoitenga ili ahamie chumba cha chini wanakopita wateja. Mzee alipoondoka, aliitoa bahasha kabatini, akampigia simu shemeji yake.

Shemeji, mume wa mdogo wake, alikuwa fundi wa kompyuta; bisibisi haikutoka mfukoni na maneno hayakutoka mdomoni kwa uchache. Alifungua boksi, akapuliza vumbi, akavua kofia.

"Poleni wafiwa."

"Acha utani. Mpya ya dukani bei gani?"

"Bahasha yako mara mbili. Tuunde wenyewe, shem. Vipande saba." Aliandika nyuma ya kalenda: prosesa, madabodi ya kuibeba, memori, diski, pawa saplai, kesi, kadi ya picha. Akasita, akaikata kadi ya picha kwa mstari, na mahali pake akaandika monita.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimekuokolea hela. Prosesa nitakayokuchagulia inatoa picha yenyewe. Kadi kubwa ni za wacheza michezo ya vita. Wewe unachora lebo. Unataka memori ya kutosha na monita inayosema kweli."

"Monita yangu nzima."

"Inavuta wekundu. Hata mimi naona."

"Inavuta, ndiyo. Naujua uongo wake kuliko ninavyomjua mume wa mdogo wangu."

"Mimi sisemi uongo."

"Ndiyo maana nakutilia shaka. Futa monita."

Hakuwa akijisifu bure. Kwa miaka tisa kila kitu kwenye skrini ile kilionekana chekundu kuliko kilivyo, na jicho lake lilishazoea kuupunguza wekundu huo. Akitaka njano safi kwenye karatasi, aliiacha skrini ionyeshe njano iliyoelekea machungwa. Akitaka weupe, aliridhika na waridi. Kazi zilitoka mashineni zikiwa sawasawa. Hata sampuli hakuagiza. Karatasi ya majaribio ina gharama yake, naye gharama hiyo alishaifuta kwenye mapatano na mpiga chapa wake tangu mwaka wa kwanza.

Kesho yake wakaingia mtaa wa vifaa, maduka yaliyobanana yenye makabati ya vioo na feni za mezani. Prosesa Mama Lebo aliipata kwa kujifanya anaondoka mara mbili. Kwenye memori alitaja bei ya duka la jirani, duka ambalo hakuwa ameingia bado. Kwenye pawa saplai alitaka ya bei ya chini kabisa, shemeji akaishika mkononi, akaona ni nyepesi, akairudisha.

"Iliyomuua marehemu ilikuwa nyepesi hivi hivi," alisema, na hapo Mama Lebo akamkubalia.

Walipomaliza vipande sita, bahasha ilikuwa na fedha ya kutosha monita ya wastani. Ndipo macho ya Mama Lebo yakaangukia kadi ya picha yenye feni mbili, nzito kama tofali.

"Imetumika miezi miwili tu, mama yangu," muuzaji alisema.

"Na nani?"

"Kijana mmoja mpole sana."

"Vijana wapole hawauzi vitu baada ya miezi miwili."

"Kapata mchumba."

"Basi nipunguzie, kinachobaki nikamchangie harusi."

Muuzaji alicheka, na muuzaji akishacheka bei imeshaanza kushuka. Ilishuka robo. Mama Lebo akageuza kadi, akakuta mkwaruzo, ikashuka tena. Shemeji alimvuta mkono.

"Shem, hiyo ndiyo hela ya monita unayoitoa."

"Umesikia bei niliyoifikisha?"

"Nimesikia. Bei nzuri ya kitu usichokihitaji."

Lakini bei iliyokwisha kupigwa mpaka nusu ni ngumu kuiacha juu ya kaunta, hasa kwa mtu aliyeipiga mwenyewe. Alilipa.

Shemeji aliunda kompyuta Jumatano, mezani pale pale. Kadi mpya haikuwa na tundu la kebo ya zamani, ile nene ya kichwa cha buluu na skrubu mbili, kwa hiyo alichomeka kebo nyembamba ya kisasa aliyoitoa mfukoni. Kebo ya zamani aliiviringisha, akaondoka nayo pamoja na boksi bovu.

Mashine iliwaka. Faili ambalo zamani lilimpa nafasi ya kwenda kunywa chai lilifunguka kabla hajavuta kiti. Mama Lebo alitabasamu peke yake, akaanza kazi ya nanasi upya. Alichoona ni kwamba picha inaonekana baridi, njano yake ina ukijani. Alidhani picha yenyewe ilipigwa vibaya. Akaongeza wekundu, akaongeza tena, mpaka nanasi likakaa pale jicho lake lilipozoea kulikuta. Hakufungua kazi yoyote ya zamani kulinganisha. Muda haukuwepo, na alijiamini. Jumamosi alilipeleka faili kwa mpiga chapa, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Wino.

"Dada, safari hii kazi ni kubwa. Nitoe sampuli moja?"

"Kaka, tangu lini mimi na wewe tukatoleana sampuli?"

"Haya. Lebo elfu tatu?"

"Elfu tatu."

Jumanne alipigiwa simu aende haraka. Alimkuta mzee wa juisi amesimama katikati ya karakana, lebo mkononi, na Bwana Wino pembeni anajifuta vidole ambavyo vilishakuwa safi.

"Binti yangu," mzee alisema taratibu, "mimi nauza nanasi au nauza machungwa?"

Mama Lebo hakuhitaji kusogea. Rundo zima lilikuwa la rangi ya chungwa bivu. Nanasi lilionekana kama limechomwa na jua la mwaka mzima.

"Mashine yako hii ina umri gani?" mzee alimgeukia Bwana Wino.

Bwana Wino aliacha kujifuta vidole. Alimtazama Mama Lebo. Mashine ilikuwa kuukuu, na yeyote angeamini kuwa ndiyo iliyokosea. Sentensi moja tu ingetosha kumtwisha lawama. Mama Lebo aliihisi imefika ulimini, lakini hakuwa na uhakika nayo, na hakuwa na tabia ya kuuza asichokijua.

"Nipe mpaka kesho, mzee. Nijue kwanza."

Alipanda ghorofa tatu bila kupumzika. Akafungua faili la lebo ya asali ya mwaka uliopita, akaishika lebo yenyewe kando ya skrini. Zilifanana. Dhahabu kwa dhahabu, weupe kwa weupe. Kwa miaka tisa hazikuwahi kufanana. Akashusha lebo, akainua tena. Kisha akampigia shemeji.

Shemeji aliifukua kebo ya zamani kwenye sanduku lake la vyuma chakavu, akaichomeka kwenye monita nzima ya kibandani kwake. Monita ikaiva wekundu.

"Pini moja imekaribia kukatika," alisema kwenye simu. "Kijani kinapita nusu nusu. Monita yako haikuwa na kosa, shem. Ni kebo."

"Kebo ya bei gani?"

"Chini ya sahani ya chakula."

Alingoja utani. Shemeji hakutania, na hilo lilimuuma kuliko kama angecheka.

Miaka tisa jicho lake lilikuwa limejipinda kufuata waya mbovu. Lebo za zamani hazikuwa na shida. Kilichoharibika ni kipimo kichwani mwake, na hicho hakiuzwi mtaa wa vifaa.

Asubuhi alikwenda kiwandani, akakuta Bwana Wino ameshaitwa. "Kosa ni langu, mzee," alisema kabla hajakaribishwa kiti. "Mashine ya kaka haina tatizo." Wema haukumtuma. Bwana Wino ndiye pekee mjini anayekubali kumchapia lebo mia mbili mbili za wateja wadogo, na kumsingizia kungeufunga mlango huo siku hiyo hiyo. Akaahidi kuchapa upya kwa gharama yake.

Bahasha ilikuwa tupu. Alichomoa kadi ya picha, akairudisha mtaa wa vifaa.

"Mama yangu, hii imeshatumika," muuzaji alisema.

"Siku saba."

"Na nani?"

"Mwanamke mpole sana."

Safari hii muuzaji hakucheka, na bei haikupanda. Alichopata kilitosha karatasi na wino tu. Kompyuta iliendelea kuwaka bila kadi ile, kama shemeji alivyosema mwanzoni, na lebo hazikuona tofauti.

Nanasi la pili lilitoka la njano. Liliingia madukani siku nne baada ya muda uliowekwa. Mzee alimwita, akamwambia bila kuzunguka: ladha tatu zinakwenda kwenye ofisi ya milango ya vioo. Tatu zinabaki kwake kwa majaribio, na kila moja lazima aione kwenye karatasi kwanza.

"Mzee, uliniambia mwaka."

"Nilikwambia wiki mbili."

Alijaribu kuomba ladha ya nne, akapunguza bei, akataja wenye milango ya vioo wanavyolipisha hata salamu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ni tatu.

Wiki iliyofuata alipeleka sampuli ya embe, ya kwanza aliyowahi kuilipia. Mzee alimimina juisi kwenye glasi, akaenda nayo dirishani, akaiweka kando ya karatasi. Alikaa hapo muda mrefu, akifumba jicho moja, kisha la pili.

"Ongeza njano," alisema.

Mama Lebo alisogea, akatazama glasi, akatazama karatasi. Kwake zilikuwa sawa. Akatazama tena, akaona labda mzee amesema kweli, kisha akaona hapana. Zamani angembishia mpaka mzee achoke. Alitoa kalamu.

"Kiasi gani, mzee?"