Mama Alivyofanywa Mtegemezi

Mama yangu ni fundi wa magodoro ya sufi. Mtaani wanamwita Mama Godoro, na ukimtafuta huna haja ya kuuliza sana, wewe fuata mtu anayepiga chafya. Sufi humkaa kichwani, kwenye nyusi, mpaka ndani ya masikio. Watoto wa mtaani hudhani bibi wote hudondosha kitu cheupe wakitembea. Godoro likichoka, yeye hulifumua, huimwaga sufi iliyoshikana mabonge, huigonga kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ilegee, huchambua mbegu na kuzitupa, kisha hujaza upya na kushona. Ana miaka sabini na mmoja. Mtu akilalia kazi yake hatamani kuamka, na nasema hivyo bila upendeleo, ingawa mimi ni bintiye.

Kazi hiyo ilikuwa ya baba. Baba alipofariki, mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na minne, na ndiye aliyekuwa akimsaidia baba kugonga sufi. Siku chache baada ya mazishi aliamka mapema, akaenda kuchukua fimbo. Mama alimwonea huruma, akamnyang'anya, akamwambia, "Wewe pumzika kwanza, mwanangu."

Akapumzika. Amepumzika mpaka amefikisha arobaini na mitatu, maana hakuna aliyerudi kumwambia kwamba basi, inatosha. Si mtu mbaya, lazima niseme. Halewi, hagombani na mtu, hajaoa kwa hiyo hajamtesa mwanamke, na habari za dunia nzima anazo. Ila sijapata kumwona ameshika kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Mimi humwita Mheshimiwa, naye huitikia bila wasiwasi wowote.

Tungeendelea hivyo mpaka mwisho wa dunia kama manispaa isingebomoa soko la zamani, alipokuwa Mama na magunia yake. Walijenga soko jipya, la vyumba vyenye milango ya chuma, wakasema vyumba vitagawiwa kisayansi. Wakaleta mtaalamu wa idadi ya watu. Sisi tulimwita Bwana Takwimu. Alikuwa kijana wa miwani, mwenye adabu nyingi na mgongo mbovu, akapanga chumba mkabala na kwetu. Akaanza kupita nyumba hadi nyumba akiuliza nani anaishi pale, nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, na kila mtu ana umri gani.

Umri ndio uliomtesa. Mimi hufanya kazi zahanati, napima watoto uzito, kwa hiyo aliniona kama mwenzake wa fani akawa ananilalamikia. Alisema mtaa wetu una watu wa miaka arobaini, hamsini na sitini kwa mafungu, lakini wa arobaini na mmoja hakuna hata wa dawa. Watu walikuwa wanazungusha umri hadi kumi la karibu. Akaniambia nisijali, kitaalamu anaruhusiwa kuulainisha umri, yaani kumsogeza huyu mbele kidogo na yule nyuma kidogo, mpaka mambo yakae sawa. Mtu pekee aliyemtajia umri wake kamili alikuwa Mama.

Alipomaliza kumhesabu alimpa pongezi. Alimweleza kwamba mtoto anayezaliwa hapa kwetu hutarajiwa kuishi miaka sitini na mitatu, na yeye ameshaipita. Mama akataka kujua kama maana yake ni kwamba alishakufa bila kuarifiwa. Hapana, hapana, alisema Bwana Takwimu, hiyo ni hesabu ya anayezaliwa leo, ndani yake wamo na wanaokufa wachanga. Aliyekwisha kufika sabini na mmoja bado ana kama miaka kumi na miwili mbele yake. Mama alifurahi, akasema miaka kumi na miwili ni magodoro mengi. Kwa furaha hiyohiyo akakubali kumtengenezea godoro lake, ambalo lilikuwa limebonyea katikati na ndilo lililokuwa likimvunja mgongo. Siku ya pili yake Mama alilifumua lote, sufi ikawa kwenye magunia na kitambaa kikawa kwenye kamba.

Siku ya tatu ndiyo ya mkutano.

Tulikusanywa kwenye uwanja wa shule. Bwana Takwimu alitaka tuelewe, kwa hiyo akatupanga sisi wenyewe. Watoto chini, wamekaa kwenye nyasi, safu pana. Wenye miaka kumi na mitano mpaka sitini na minne katikati, wamesimama. Wazee juu, kwenye mabenchi yaliyopandishwa jukwaani, wachache. Akasema tunachokiona ni piramidi ya umri. Kisha akaeleza kwamba wa chini na wa juu ni wategemezi, na wa katikati ni nguvukazi, na kwamba kwa kila watu mia wa katikati kuna wategemezi tisini. Ili jambo liingie vizuri alimshika Mheshimiwa bega, kwa kuwa alikuwa mrefu na alikuwa amesimama mbele, akamwonyesha kwa watu.

Pale jukwaani Mama alikuwa amekaa kati ya fundi baiskeli na kinyozi, wote wawili wazee kuliko yeye, wote wawili wameacha kazi mezani waje kusikiliza. Akanyoosha mkono.

"Samahani, mwanangu. Huyo ndiye ananibeba mimi?"

"Kitakwimu, ndiyo, mama."

Watu walicheka mpaka watoto wakavuruga piramidi. Mheshimiwa hakucheka. Nilimwona akitunisha kifua taratibu, na moyo wangu ukasema hapa tumekwisha.

Vyumba viligawiwa kwa nguvukazi isiyo na ajira. Mimi nina ajira. Mama hakuwa nguvukazi. Chumba chetu akapewa Mheshimiwa. Utaratibu ulisomwa kwa sauti ili asije mtu akalalamika: chumba kikishatolewa hakibadilishwi jina, na mwenye chumba akiwa mtoto chini ya miaka kumi na mitano, mzazi atakishika na kukitumia mpaka mtoto akue. Kipengele hicho kilikuwa kwa ajili ya yatima mmoja wa mtaa wa nyuma. Mwenye umri wa juu ya sitini na minne haruhusiwi kufanya kazi ndani ya soko, kwa usalama wake, isipokuwa awe mzazi anayemshikia mtoto chumba. Mama alisikiliza yote akiwa amekunja mikono.

Nyumbani, Mheshimiwa alikalia kiti cha baba. Akatutangazia kwamba kitakwimu yeye ndiye anayelisha nyumba hii, na ingefaa chai yake iwe inatangulia. Nilikuwa nimeshika sufuria, na Mungu ananijua. Lakini Mama akanizuia kwa mkono. Alivua kanga ya kazi, akajikung'uta sufi, akakaa kitako kwenye mkeka karibu na miguu ya mwanawe.

"Sawa," akasema. "Nibebe."

Alikuwa hatanii. Asubuhi hakwenda kwenye magunia. Alimwomba Mheshimiwa uji, halafu sabuni, halafu amkune mgongo. Mheshimiwa alizunguka nyumba akitafuta mahali vitu hivyo vinapotoka. Mchana alikuja fundi baiskeli, akavua viatu, akakaa kwenye mkeka, akasema naye ameambiwa anabebwa na ndiyo amekuja. Alifuatwa na kinyozi. Akaja mama anayefua nguo za watu, ana miaka sitini na minane na mikono kama ya baharia. Ilipofika jioni baraza letu lilikuwa limejaa wategemezi, wanapiga soga, wanauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Kwa hesabu ya Bwana Takwimu, nguvukazi mmoja anastahili mtegemezi mmoja asiyetimia. Sisi tulikuwa na kumi na mmoja na kiti kimoja.

Mtaa ukasimama, maana ndipo ilipoonekana nani alikuwa akiuendesha. Baiskeli zikalala na pancha. Wanaume wa katikati ya piramidi wakafuga nywele. Nguo chafu zikarundikana milangoni. Watoto nao, ambao ndio huchota maji kabla ya shule, walipopata habari kwamba ni wategemezi walikataa kabisa, na baba zao wakaonekana bombani wakiulizana ndoo hubebwa vipi.

Sitamdhulumu ndugu yangu. Alijaribu. Alikwenda kwenye chumba cha soko na magunia ya Bwana Takwimu, akajifungia siku nzima, akatoka na godoro. Hakuigonga ile sufi wala hakuitoa mbegu, alisindilia tu kama anayefunga mzigo wa safari. Bwana Takwimu alililalia usiku mmoja. Asubuhi alivuka barabara akitembea kwa ubavu, mkono mmoja kiunoni, na miwani imekaa upande.

Alipoona mkeka na watu waliojaa alisimama kidogo. Kisha akapiga magoti mbele ya Mama, sijui kwa adabu au kwa mgongo, akamwomba amtengenezee godoro.

Mama akamwambia samahani, yeye hayuko kazini. Amwone nguvukazi.

Basi yule kijana akaanza kujieleza, na nilimwonea huruma kwa sababu alikuwa anasema kweli. Alisema kipimo kile hakijui nani anafanya kazi na nani hafanyi. Kinatazama umri tu, ni cha kukadiria, cha kulinganisha nchi na nchi, hakikutengenezwa kumpima mtu na mwanawe. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ulinipa miaka kumi na miwili," akasema. "Ukasema bado ninayo. Halafu ukanichukulia chumba. Sasa hiyo miaka niifanyie nini, mwanangu? Niitazame?"

Hapo sauti yake ilikatika. Mimi nililia, sioni haya kusema. Nilikuwa nimechukulia yote kuwa mchezo, nikacheka na kusimulia zahanati, kumbe Mama alikuwa ameketi pale anaogopa.

Bwana Takwimu alivua miwani akaifuta. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema liko jambo moja analoweza kufanya. Anaweza kulainisha. Akimpunguzia Mama miaka saba tu, atakuwa na sitini na minne, atarudi katikati, chumba kingine atatafutiwa. Wazee wakaitikia kwamba hilo ni jambo jema. Kinyozi akauliza kama yeye anaweza kupunguziwa kumi.

Mama alikataa. Alisema miaka yake yote ameifanyia kazi, hauoni hata mmoja wa kutupa. Mwaka gani wautoe, ule aliomzika mume wake, au ule aliojifunza kushona godoro akiwa na watoto wawili na vidole vinavuja damu? Akageuka, akamtazama Mheshimiwa aliyekuwa amejikunja kwenye kiti cha baba, amechoka, mikono ina malengelenge.

"Mpunguze huyu," akasema. "Ya kwake bado mipya."

Bwana Takwimu akauliza ampunguze mpaka wapi. Mama akasema mpaka kumi na minne. Kijana akapiga hesabu kichwani, nikaona uso wake unabadilika alipokumbuka kile kipengele cha mzazi na mtoto mwenye chumba. Hata hivyo alileta ubishi wa kitaalamu. Alisema mtoto wa kumi na minne maana yake Mama alimzaa akiwa na hamsini na saba, na wao uzazi wa mwanamke huuhesabu kati ya kumi na mitano na arobaini na tisa. Mama akamjibu kwamba huyu huchelewa kila kitu, na kuzaliwa pia alichelewa.

Mgongo nao ulisaidia kuamua. Bwana Takwimu akakubali.

Sote tukamtazama Mheshimiwa, maana mwenye umri ndiye yeye. Nilitegemea atanuna. Alivitazama viganja vyake, mwanamume mzima mwenye upara unaoanza, halafu akauliza kama akiwa na kumi na minne atalazimika kubeba watu. Akaambiwa hapana. Akauliza kama kiti cha baba inabidi akiache. Mama akasema ndiyo. Akashuka.

Wazee walivaa viatu wakaenda zao, kila mmoja na kazi yake iliyomngoja. Mama alivaa kanga ya kazi, akamtanguliza Bwana Takwimu na lile godoro la aibu mpaka sokoni, nami nikafuata na sindano. Mlinzi wa soko alitaka kujua mtoto mwenye chumba ni yupi, akaonyeshwa, akamtazama kuanzia ndevu mpaka viatu, akatupisha.

Ndani, Mama alilikata godoro kwa mkasi, mabonge yakaporomoka sakafuni. Akachukua fimbo zake mbili. Mheshimiwa alikuwa tayari ameanza kutafuta mahali pa kuketi, akaona gunia zuri mahali penye kivuli, akaliendea.

"Usikae," Mama akasema.

Akamfuata, akamwekea fimbo mkononi, akavifunga vile vidole vyenye malengelenge kimoja kimoja.

"Umeshapumzika, mwanangu. Sasa gonga."