Mwenye Kambale Alikuja Mchana

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana wengine bado wako hai na mnaweza kuwauliza. Mimi mwenyewe. Mume wangu Gervas, sasa marehemu. Skola, mjukuu wetu, mtoto wa binti yetu Regina aliyefariki kule Kigoma. Yasinta, jirani yangu, ambaye wazazi wake ni wa Katumba, wale waliokimbia kutoka Burundi. Na Maganga, Mnyamwezi, mpangaji wetu wa chumba cha uani, aliyekuwa akinunua samaki Sitalike na kuwauza mjini kwa baiskeli. Sisi ni Wafipa, kwa hiyo Maganga alikuwa mtani wetu. Hilo la utani lishikeni, ndilo lililoleta mambo.

Mtasema bibi anazeeka vibaya. Semeni. Mimi nililiona kwa macho haya, hapahapa Makanyagio, miaka ya tisini, mwezi wa kumi, jua likiwa utosini.

Baba yake Skola, Kastori, alikuwa mpiga mbizi. Kazi yake kukamata wale samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, ambao Wazungu hununua wakae nao ndani ya nyumba. Mkewe alipofariki alituletea mtoto kwa treni, wakapitia Kaliua, na pamoja na mtoto tangi la kioo na samaki wadogo wa mistari ndani ya mifuko ya nailoni. Akatuonesha namna ya kuwabadilishia maji, akarudi ziwani.

Mtoto alikuwa haongei. Toka mama yake azikwe, hakuna neno. Ukimsemesha anakutazama tu. Ila wale samaki aliwanong'oneza, mdomo umegusa kioo. Mimi nikasema moyoni, samaki hawa wakiisha, na sauti ya mtoto imeisha.

Jioni moja Maganga akaingia na ndoo.

"Mama Regina, nyie Wafipa kwa uchoyo! Mboga inaogelea sebuleni na nyie mnakula kisamvu!"

"Nyamaza, Mnyamwezi," Gervas akamjibu. "Wewe ungepewa ungeuza mpaka miba."

Maganga akazamisha mkono kwenye ndoo, akatoa kambale mdogo, mzima kabisa, wa mto Katuma. Kabla sijasema kitu, chubwi! Kamtumbukiza kwenye tangi. "Hawa wa mistari ni Wafipa, huyu mweusi Mnyamwezi. Watani hao, watakaa."

Kambale akajizungusha, akagonga kioo kwa zile ndevu zake. Basi Skola akacheka. Alicheka kwa sauti, mpaka akakaa chini. Nyumba nzima tukamsikiliza. Nani hapo angemtoa kambale? Wewe ungemtoa?

Siku hazikupita nyingi, nikaona mikia imekatwa. Penye jeraha pakaota kitu cheupe kama pamba. Mmoja akaelea tumbo juu, kesho yake mwingine. Waliobaki walijibana pembeni, midomo juu ya maji, wakitafuta pumzi. Kambale katikati peke yake.

"Bibi, mweusi analia," Skola akaniambia. Ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa mimi.

"Anauma wenzake, halafu alie nini?"

"Anamtaka mama yake."

Jioni ileile mtoto akashikwa na homa, ghafla, kama aliyemwagiwa moto. Hospitali walimpima malaria, hawakuiona, wakampa dawa, hakuweza kuzimeza. Nikamlaza kwenye mkeka chini ya tangi, maana akilazwa chumbani alikuwa anatambaa kurudi pale. Niaminini, alikuwa akihema kwa kufungua mdomo na kuufunga, kufungua na kuufunga, sawasawa na wale samaki waliokuwa juu yake.

Mchana uliofuata, Gervas yuko shambani, Maganga yuko safarini, mimi na Yasinta tunambadilishia mtoto kitambaa cha maji. Mara tukasikia hodi. Akaingia mama mmoja mnene, ngozi inang'aa, khanga ameivuta kuziba mdomo na ameishikilia kwa mkono. Pindo la khanga linachuruzika maji. Mwezi wa kumi! Visima vimekauka!

"Huyu kaoga wapi?" Yasinta akaninong'oneza.

"Hamjambo, watani."

"Hatujambo, karibu."

"Naomba maji."

Nikampa kata. Hakunywa. Akayamwaga yote miguuni. "Asanteni. Miguu ilikuwa na kiu."

Akaenda hadi kwenye tangi, akainama. "Nani kawaweka hawa pamoja?"

Nikamwambia habari ya Maganga na utani wake. Akacheka ndani ya khanga, lakini macho hayakucheka.

"Utani ni wenu nyie watu. Samaki hawana utani. Hawa ni wa maji yanayoonesha mawe, huyu ni wa tope. Anauma kwa sababu anaogopa." Kisha akanigeukia. "Ila kwenu mtani akiomba hanyimwi. Naomba mwanangu."

Jamani! Nilimrukia Skola nikamfunika kwa mwili wangu. "Huyu simtoi! Nilishamtoa mama yake, huyu simtoi!"

Yule mama akanitazama kwa huruma ambayo sijaiona tena kwa mtu. "Huyo ni wako, mwenzangu. Mimi nasema wangu." Akanyoosha kidole kwenye kioo.

Nikasita. Kicheko cha mtoto kilikuja na kambale yule. Je, akiondoka nacho? Skola akafumbua macho. "Bibi, mpe."

Nikampisha. Akatumbukiza mikono yote miwili, na khanga ikamwanguka mdomoni. Alikuwa na ndevu. Si za mwanamume. Nyuzi ndefu, nene, pembeni mwa mdomo, na zilikuwa zinacheza zenyewe kama zinanusa. Yasinta aliangusha bakuli. Kambale hakurukaruka, aliingia mikononi kama mtoto anayepewa ziwa.

"Waliobaki watilieni chumvi kidogo," akasema, "na mawe, kila mmoja apate pa kujificha." Akamfunga kambale kwenye pindo bichi, akatoka.

Nilimfuata. Nyayo zake zilikuwa majimaji kwenye vumbi, zikazunguka choo, zikaingia kwenye mtaro uliokauka. Katikati ya mtaro zikakoma. Pale zilipokoma pana tope la upana wa sinia, bichi, linatoa mapovu.

Kabla jua halijazama Skola alitoka jasho, akaomba uji. Samaki watatu walipona. Na kicheko hakikuondoka. Leo ni mama mwenye watoto, akinipigia simu anaongea mpaka chaji inaisha. Maganga tulipomsimulia alicheka sana, tukampeleka mtaroni, akaacha kucheka. Toka siku ile aliuza karanga.

Mimi kambale sili. Na mwezi wa kumi, mchana, huweka beseni la maji mlangoni. Nyie mnaofuga, msiunganishe viumbe kwa sababu wanakuchekesheni; ulizeni kwanza kila mmoja katoka maji gani. Na akija mtu ameziba mdomo akadai kilicho chake, mpeni, msimkague.

Basi, kama nimekosea jina au jambo, mlio hai nisahihisheni. Mimi naikumbuka khanga ya buluu, Skola anasema ya kijani. Ilikuwa na maandishi. Wakati ule mimi sikujua kusoma, na Yasinta aliyejua anasema hakutazama maandishi, alitazama ndevu. Kama kuna mtu wa Makanyagio aliyepishana naye siku ile akayasoma, naomba aniambie yalisemaje.