Verlon na Thelathini ya Mpwa Wake

Katika milima yote ya Kentucky hakuna fundi wa mabasi ya shule kama Verlon Stidham, na mwenye shaka akamuulize Verlon mwenyewe. Shule aliiacha akiwa darasa la kumi. Lakini basi namba tisa alilifufua yeye, kutoka mabasi matatu mabovu: injini ya hili, giaboksi ya lile, breki za lile jingine. Mwaka wa kumi na moja huu, theluji imwagike isimwagike, halijawahi kuzimika njiani.

Alhamisi moja Raelynn, binti wa dada yake, aliingia gereji amenuna kama aliyelamba betri.

"Siombi tena, Mjomba. Programu ya wanafunzi bora chuoni wanataka alama thelathini za mtihani wa kuingia chuo. Nimefanya mtihani mara tatu: ishirini na saba, ishirini na saba, ishirini na nane. Na maombi yanafungwa kesho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nabaki hapa nauza misumari dukani. Wanaosomeshwa bure ni wale wa programu hiyo tu."

"Lete karatasi za matokeo."

Verlon alijifuta grisi kwenye suruali, akasoma kwa kidole, taratibu, kama anasoma orodha ya vipuri. Kiingereza cha mara ya kwanza: thelathini na mbili. Hesabu hapo ilikuwa aibu, lakini mara ya pili ilipanda hadi ishirini na tisa. Kusoma na sayansi, mara ya tatu ndiyo bora: thelathini na moja, ishirini na nane.

"We mtoto, nani kakutuma upeleke basi bovu zimazima? Ng'oa kizuri hapa, na hapa, na hapa. Jumlisha, gawa kwa nne."

Raelynn aligawa. Akagawa tena.

"Thelathini kamili. Lakini Mjomba, mtihani sio gari! Hawatakubali."

"Umewauliza?"

Watu wa milimani hawa! Afadhali wang'olewe jino kuliko kusumbua ofisi ya mtu.

"Piga simu, au nipige mimi, nikuaibishe."

Raelynn akapiga upesi. Mama wa ofisi ya chuo akamjibu: naam, wao huchukua alama bora ya kila somo, ila atume matokeo yote matatu. Raelynn alikuwa ametuma ya mwisho tu.

"Na insha ya maombi umeandika nini?" Verlon akasoma mistari miwili. "Uongozi, maono... Wewe uko wapi humu? Si unafundisha vitoto kusoma ndani ya namba tisa kila asubuhi?"

Raelynn akaiandika upya palepale, kwenye kiti cha dereva cha namba tisa. Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, vyote vilikuwa vimekwenda.

Barua ya kumkubali ilifika Machi. Verlon aliibandika ndani ya namba tisa, juu ya kioo cha dereva, na hakuna abiria aliyekaa kabla ya kuisoma.

"Thelathini yetu hiyo," aliwaambia.

"Yetu?" Raelynn akang'aka. "Mtihani nilifanya mimi!"

"Na spana alishika nani?"