Jiwe la Baba Ukutani kwa Padri

Baba yangu, Fazio, anachonga mawe hapa mjini Narni, kaskazini mwa Roma, tangu sijazaliwa, na mpaka leo ni kibarua. Ili uwe fundi mwenye karakana yako, wazee wa chama cha wachonga mawe lazima waikubali kazi ya mkono wako. Baba wameshamkataa mara mbili.

Kazi yake nzuri kuliko zote kila mtu ameiona. Iko kwenye ukuta wa uani kwa Padri Ottaviano. Padri alitaka jiwe la kaburi la Mrumi wa kale lenye jina la ukoo wake yeye Padri, ili aonekane ametokana na Warumi. Maneno ya Kilatini aliyatunga mwenyewe, Baba akayachonga, akavunja pembe moja, akalisugua kwa siki, akalifukia kwenye samadi majira yote ya baridi ili lionekane la kale. Nyumba ilinuka mpaka Mama akahamia kwa dada yake. Kisha likazikwa kwenye mizabibu ya Padri, na vibarua wake wakajifanya wamelifukua. Wasomi walitoka Roma kuja kulinakili.

Safari hii, ya tatu, Baba alichoka kukataliwa. Akawaambia wazee, "Lile jiwe la Padri nimelichonga mimi."

Mzee Ercolano, mkuu wao, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Na lile daraja la Warumi kule mtoni, Fazio? Nalo lako?"

"Nyuma ya jiwe kuna alama yangu. Litoeni muone."

"Tumbomolee Padri ukuta kwa ajili yako wewe?"

Wakaenda wote kwa Padri kumuuliza. Alimtazama Baba kwa upole, kama anavyotazama wagonjwa. "Maskini. Jua limemzidi."

Samadi ile niliibeba mimi kwa ndoo. Nilikuwa pale pale, nimeshika mkokoteni wenye jiwe jipya la Baba, la mtihani. Hakuna aliyeniuliza.

Wazee wakalishusha jiwe hilo jipya, wakalisimamisha chini ya lile la ukutani. "Ona herufi za wenzako wa kale zilivyotulia," akasema Mzee Ercolano. "Zako zina haraka. Uwe unakuja hapa Jumapili, ujifunze."

Nyumbani Mama akauliza, "Wamesemaje?"

"Wamenituma nikajifunze kwa Fazio."

Jiwe la mtihani sasa ni kizingiti chetu, tunakwangulia matope ya viatu. Na Jumapili Baba huenda kweli. Husimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, na wageni wakipita Padri huwaambia wapunguze sauti, kuna fundi anajifunza.