Beseni la Simu la Kinyamaseke

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha shule ya usiku, kwamba simu ikikaribishwa Kongo mara tatu, mwenye simu anageuka Mkongo.

Usicheke kwanza. Bwera iko mpakani, Uganda ikikutana na Kongo. Ukisimama sokoni, mnara wa ng'ambo unaishika simu yako bila hodi, na ujumbe unaingia: karibu Kongo. Habari yenyewe tuliipata kwa askari mstaafu aliyelinda malori pale njia panda ya Kikorongo, ambaye sote tulimwita afande. Alisema kuna watu wanachora ramani ya mji wetu na vitongoji vyake kwa kufuata simu, zinalala wapi na zinashinda wapi. Hiyo ilikuwa kweli. Kisha akaongeza ya kwake: kompyuta yao ikiona umekaribishwa mara ya tatu, inakuhamishia upande wa pili, na kitambulisho chako kinabaki cha kukwangulia sufuria.

Mama yangu mdogo, aliyenilea, alikuwa ameshakaribishwa mara mbili.

Yeye analala Kasese na kuuza maharage Bwera, kama nusu ya ulimwengu wote. Ana shamba la kahawa kule Nyakalengija, alilorithi kwa baba yake, na akigeuka Mkongo je, nani atalichuma? Hakulala. Mimi msomi wa nyumba ndiye niliyepata dawa, au basi, nilikuwa miongoni mwa walioipata: simu zisifike Bwera kabisa. Kinyamaseke, katikati ya safari, kuna mama muuza chai ambaye uaminifu wake ungetosha kulinda benki. Siku za soko gari lilipunguza mwendo mbele ya kibanda chake, simu zikapita dirishani, naye akazipokea kwenye beseni la plastiki. Jioni alizirudisha, kila moja kwa mwenyewe, bila kukosea, maana alimjua kila mtu kwa mlio wake. Kufikia saa sita mchana beseni lilikuwa likitetemeka na kulia kama limejaa kambale wenye hasira.

Tuliishi hivyo kwa raha. Wafanyabiashara wote wa njia ile wakatuiga, na afande akatusifu.

Halafu ikaja siku ya mkutano. Waliochora ramani walituita ukumbini Kasese watuonyeshe kazi yao, na mimi na mama mdogo tukakaa mbele kabisa, kwa sababu kulikuwa na soda. Binti aliyeongoza kazi ile aliiangaza ramani ukutani. Nilipenda nilichokiona. Alisema Kasese, Kikorongo, Kinyamaseke na Bwera tunaziita miji minne, lakini simu zinaonyesha ni mji mmoja uliojilaza barabarani: kichwa kinalala huku, mikono inafanya kazi kule. Nilikaribia kulia. Miaka yote nilidhani tunasafiri, kumbe tulikuwa tunatembea nyumbani kwetu.

Kisha akafungua ramani ya siku ya soko. Palipo na watu wengi ni pekundu, alisema, palipo na wachache ni peupe. Bwera ilikuwa nyeupe kama ugali. Kinyamaseke ilikuwa nyekundu, duara moja lililoiva kama nyanya, na katikati ya nyanya, nyuma ya kituo cha mafuta, ndipo hasa kilipo kibanda cha chai.

Mzee wa halmashauri akasimama kwa furaha. Alisema lile banda la wafanyabiashara, la bati, lenye maji na choo, litajengwa pale pekundu, kwa kuwa ramani imesema.

Banda hilo mama mdogo alikuwa amelisubiri tangu nikiwa na meno ya utoto. Bwera alikaa juani juu ya gunia. Masika yaliyopita mvua ilimnyeshea mpaka maharage yakaota humo humo guniani. Kidogo tu tungelipalilia gunia. Nikamwona anajifunga kitenge vizuri. Nikamshika mkono, nikamnong'oneza kwamba akisema tu, watajua anashinda Bwera, na imebaki mara moja tu awe Mkongo.

"Wacha wanihamishe," akasema. "Lakini banda ihame kwanza."

Akasimama.

"Binti, ile watu munaona Kinyamaseke, haiko watu. Ni simu. Iko ndani ya beseni. Watu yenyewe beko Bwera, wananyeshewa."

Nusu ya waliokuwemo simu zao zililala kwenye beseni lile kila siku ya soko, na sasa kila mmoja alikagua viatu vyake. Binti akauliza, kwa upole, kwa nini. Mama mdogo akamweleza yote: mnara, afande, mara tatu, shamba la kahawa. Hakunitaja, Mungu ambariki.

Binti hakucheka. Alimwomba mzee wa halmashauri jiwe la msingi lisiwekwe popote kwanza, na siku ya soko iliyofuata alikuja Bwera mwenyewe, akahesabu vichwa kwa macho mpaka jasho likamloa. Banda liko Bwera leo, na maharage hayaoti tena. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ukumbini mama mdogo bado alikuwa amesimama, mikono kifuani, akisubiri hukumu yake.

"Sasa mimi," akauliza, "munanipeleka lini?"

"Hakuna anayekupeleka popote, mama," binti akasema. "Mnara hauoni mtu, unaona simu tu. Ukirudi Kasese, simu inashika mnara wa Kasese, na wewe ni yule yule."