Pumba Kinuni

Mlio wa mpunga kinuni haufanani na mlio wa sombe, majani ya muhogo. Sombe inalia majimaji, mpunga unalia mkavu, na mtoto wa mji wetu wa Kasongo anajua atakula nini kabla hajafika mlangoni. Mashine za kukoboa zimejaa mjini siku hizi, lakini jirani yangu mmoja bado anatwanga. Nikimsikia, mate na machozi vinanijia pamoja.

Mwaka ule wa vita serikali iliamuru kila nyumba itoe mchele wa askari waliokuwa wakipita kwenda Kabambare. Shefu wa mtaa alitangaza, tukatoa. Kisha askari wakaanza kurudi bila tangazo. Walipita vichochoroni wakisikiliza vinu, na palipolia ndipo walipoingia. Basi wanawake wakakubaliana kisimani: jioni tutatwanga wote kwa pamoja, wenye mpunga na wasio nao. Asiye nao atie pumba, maana kinu kitupu kinajisema chenyewe. Kinga na kinga, walisema, ndipo moto uwakapo. Lo, mtaa ulinguruma! Hata kuku walidanganyika, wakakaa kuzunguka vinu vya pumba wakingoja punje.

Sisi tulikuwa watu wa pumba. Mpunga ulikuwa kwa Mama Feza, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa amejifungua mapacha juzijuzi. Gunia lake, alilolifukia chini ya kitanda, ndilo lililokuwa maziwa ya watoto wale.

Jioni moja askari wawili waliingia kwetu. Mmoja alitumbukiza mkono kinuni, akatoa pumba.

"Mchele iko wapi?"

"Hakuna, baba," Mama alimjibu.

"Sasa munatwanga pumba ya nini?"

Mama alitutazama sisi watoto. "Hawa hawalale kama hawasikie kinu."

Nilikasirika, jamani! Nilijiona mkubwa wa kutobembelezwa na kinu. Askari hakucheka. Alimgeukia Baba, aliyekuwa ameketi kizingitini.

"Mwenye hana mchele, iko na mabega. Mzee, simama. Utabeba mizigo."

Baba alivaa shati lake taratibu, akafunga vifungo vyote hadi shingoni kama anakwenda msikitini. Alinishika kichwa, akatoka nao. Na Mama, badala ya kulia, akachukua mchi akatwanga tena. Nilimvuta kikwembe nikipiga kelele, "Mama, wanapeleka Baba!" Alitwanga tu, machozi yakimdondokea kinuni.

Usiku Mama Feza alileta sahani ya wali. Tulikula. Mama hakugusa.

Baba hakurudi. Waliorudi kutoka njia ya Salamabila walituambia alianguka na homa, wakamwacha kando ya barabara. Kaburi lake hatulijui. Nilikua nikimlaumu mama yangu kwa kinu kile, hadi nilipozaa mwenyewe ndipo nikaelewa: angenyamaza, upande wetu kingesikika kinu kimoja tu, cha Mama Feza, ukuta wa pili. Nikamsamehe kimoyomoyo, nikadhani nimeelewa yote.

Mama alipofariki, Mama Feza alikuja matangani akiwa na mapacha wake, sasa wanaume wenye ndevu. Alinikalisha pembeni.

"Mama yako tulimulilia leo," alisema. "Lakini baba yako? Lile shimo ya chini ya kitanda yangu, ni yeye alichimba. Ile siku, wenye walirudi waliniambia, askari alimuuliza njiani nani iko na mchele. Alisema hajui."