Paa Moja la Winson Green

Mtu anaweza kukaa Birmingham miaka na miaka asitazame paa la nyumba yake hata siku moja. Alitazamie nini? Mvua haipiti, moshi unatoka, basi. Cleopas Onyango naye alikuwa hivyo, mpaka Jumamosi moja ya mwaka wa sabini na tatu, jirani yake Harbhajan alipopanda ngazi kurudisha vigae vilivyong'olewa na upepo.

"Onyango," Harbhajan akaita kutoka juu. Alikuwa Singasinga wa Nakuru, na Kiswahili cha Nakuru alikuja nacho mzima mzima kama alivyokuja na ndevu zake. "Hii paa yote ni moja tu, bwana. Kutoka dukani mpaka kona. Mimi nagonga hapa, kikombe yako naanguka huko kwa meza."

Harbhajan akacheka. Cleopas hakucheka. Alirudi nyuma mpaka barabarani, akalifuata paa kwa macho mpaka kona.

Mama mkwe wake, Mama Dorsila, alikuwa amefika kutoka kwao Gem, Ujaluoni, kumwona bintiye Milka, mke wa Cleopas, aliyekuwa mjamzito baada ya mimba mbili kuharibika. Na Mjaluo halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Ni mwiko. Ukiuvunja, laana yake, ile chira, haikufuati wewe mwenye makosa. Hutafuta aliye mdogo kuliko wote nyumbani. Ndiyo maana Cleopas alimwomba Harbhajan na mkewe Surinder wamlaze mama kwao, nyumba ya ubavuni. Akajiona amepanga vizuri. Kumbe nyumba za mtaa wao wa Winson Green zimeshikana kama ndizi kwenye chane, na paa ni hilo hilo.

Tangu hapo kila kitu kikawa dalili. Milka, ambaye ni nesi na anajua mwili wa mtu, alisema miguu yake imevimba kidogo. Cleopas akaacha chakula. Mama Dorsila alikuwa anasinzia mchana, kijiko mkononi, uso umemsinyaa. Hata Surinder alimsifu vibaya: "Mama anatandika kitanda vizuri mno. Hakina hata kunyanzi." Cleopas akaona nalo ni la kutisha, ila hakujua kwa nini.

Na safari ya Rye ilikuwa inakuja.

Rye ni mji mdogo wa kale, kusini kabisa, karibu na bahari. Huko aliishi Misi Hartnoll, mwalimu wa misheni aliyemfundisha Mama Dorsila kusoma na kushona. Mama alikuwa amembebea ungo kutoka nyumbani, na alikuwa amesema wazi kwamba anataka kumwona kabla mmoja wao hajafa. Ilikuwa waende Jumamosi ya pili baada ya ile ya vigae. Misi alikuwa ametuma kadi yenye picha: njia ya mawe inapanda kilima, na nyumba zimeegemeana kama walevi wanaosindikizana. Mama atalala chumba cha juu, Misi alisema, na watoto, yaani Milka na mumewe, sebuleni, chini yake.

Chini yake! Cleopas aliigeuza kadi ile kila akirudi kutoka kiwanda cha springi, akitafuta nyumba iliyosimama peke yake. Hakuiona.

"Labda nisiende," akamwambia Milka wakila. "Kiwandani wananihitaji."

"Jumapili?"

"Springi hazijui Jumapili."

"Onyango, mama ataona unamkwepa."

"Kumkwepa mkwe ni heshima."

"Kumkwepa kwenye meza ni heshima. Kumkwepa mpaka Rye ni dharau."

Jumamosi iliyofuata mchana, Milka akiwa zamu, Cleopas alichukua tochi akapanda darini. Aliwaza hivi: kama ukuta kati ya nyumba unafika mpaka juu, basi nyumba ni mbili, Mungu akiulizwa atakubali. Akatambaa juu ya boriti, masizi yakimwingia puani, akamulika. Ukuta uliishia magotini. Mwanga ukavuka bila kizuizi mpaka kwenye sanduku la bati la Harbhajan.

Boriti ikalia. Chini, upande wa pili, mtu akakohoa.

"Nani huko juu?" Ilikuwa sauti ya Mama Dorsila.

Cleopas akazima tochi. Akajilaza juu ya boriti.

"Kama ni panya, shuka," sauti ikasema taratibu. "Kama ni mkwe wangu, shuka vilevile. Utachafua shati."

Kesho yake baada ya kanisa waliitwa kwa Surinder. Mama alikaa jikoni, Cleopas akasimama ukumbini akitazama ukuta kwa heshima, na Milka akasimama mlangoni kupokea maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa kila mtu alikuwa anasikia.

"Mwambie mwenzako, paa nililiona siku niliyoshuka kwenye teksi," mama akasema.

"Anasema aliliona," Milka akasema.

"Mwulize mbona alinyamaza," Cleopas akauambia ukuta.

"Ningesema, wangenilaza wapi? Kwa mbwa?" Mama akavuta shali. "Mwambie asihofu juu ya mtoto. Mwiko ni kulala. Mimi hapa sijalala. Usiku nakaa kwenye kiti, na aliyekaa kitini hajalala."

 Kitanda kisicho na kunyanzi kikamjia Cleopas machoni, na kijiko kile mkononi mwa mama, na yeye alivyokuwa akikoroma upande wa pili wa matofali.

Hakungoja chai. Alimtoa Harbhajan kwenye gazeti lake, wakapandisha mbao darini, wakagongelea mpaka mwanga haukupita hata kwa tundu la msumari. Harbhajan hakuuliza sana. "Kwetu pia mama mkwe ni kazi," alisema tu.

Mama Dorsila akalala jioni ile kabla ya chakula, akaamka kesho yake jua limeshapanda, kitanda kimevurugika vibaya. Surinder alifurahi kukiona.

Ikabaki Rye. Harbhajan akatoa gari lake la mizigo: mama akae mbele na Milka, Cleopas akae nyuma na blanketi, na wakifika alale humo humo nje.

Hata hivyo moyo wa Cleopas haukutulia. Ijumaa alilizunguka gari, akalipapasa paa, halafu akaja mlangoni kwa Surinder.

"Milka, mwulize mama. Nikiliegesha limegusa ukuta wa Misi, je?"

Milka akaingia, akatoka.

"Anasema uliegeshe ng'ambo ya barabara."